Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Kikao kilifunguliwa kwa sala saa kumi na robo,
ofisi ya nyuma ya kanisa, Kirumba,
harufu ya dagaa ikipanda kutoka Mwaloni
na kuketi nasi bila kualikwa.
Mimi katibu. Kalamu yangu, kama kawaida,
iko upande wa wenye viti.

Ajenda ilikuwa moja: daftari.
Jalada lina twiga, kona zimeliwa,
alikutwa nalo Elikana wa kidato cha pili
nyuma ya mabenchi ya kwaya, na wenzake wanne,
na dadu mbili walizochonga kwa sabuni ya mche.

Niliandika: "Vijana walikutwa wakicheza mchezo usioeleweka."
Ulieleweka. Mmoja husimulia, wengine ni wasafiri:
huyu mpiga ngoma, huyu mganga wa mifupa,
huyu malaika aliyesahau jina lake.
Wamebeba taa ya Mfalme, waivushe ziwa
hadi mji usio na usiku.
Likitokea gumu, sabuni hurushwa sakafuni,
namba ikasema umevuka au umezama.

Mama Nyamizi wa umoja wa wanawake alisema
dadu ni dadu, hata ukiichonga kwa sabuni haitakati.
Askari waligawana vazi la Bwana kwa mchezo kama huo.
Mwinjilisti Bwire akakohoa:
na pengo la msaliti, mitume walilizibaje?
Si kwa kura?
Feni ikazunguka.
Niliandika: "Wajumbe walichangia."

Kisha mzee Lugembe akavaa miwani,
akafungua ukurasa wa saba, akasoma kwa sauti
neno ambalo huku kwetu halisomwi kwa sauti.
Mchawi.
Na chini yake: Bibi. Macho mekundu. Anakaa peke yake.

Kuna miji ambako neno hilo limelala vitabuni.
Huku limewahi kutoka na panga.
Macho ya bibi zetu ni mekundu kwa moshi,
moshi wa samadi kavu, miaka hamsini jikoni
wakiwapikia watu watakaokuja kuwaogopa.
Mama yake mzee Lugembe alikuwa na macho hayo.
Mwaka ule wa mvua haba aliingia kulala,
na asubuhi
sote pale mezani tulijua habari ya asubuhi.
Mtoto hakujua.

"Nani huyu?"
Sauti haikuwa ya kikao.
Elikana alivitazama viatu vyake.
"Watu ndio wanamwita hivyo, mzee. Siyo.
Yeye ndiye mwenye moto.
Taa ikizimika, inawashwa kwake tu.
Na anayemwinulia panga, hata akipata kumi na mbili,
zamu yake imekwisha. Hiyo sheria nimeitunga mimi."

Mama Nyamizi alitafuta kitu kwenye mkoba wake,
akakitafuta muda mrefu.
Nje mtu aliuza maji kwa kupiga chupa na sarafu.

Niliandika: "Daftari limechukuliwa na mzee Lugembe
kwa uchunguzi zaidi. Kikao kilifungwa kwa sala."
Nani aliomba, sikumbuki. Huenda hakuna.

Wiki tatu zikapita. Wenzake Elikana
walikuwa wameanza kuchora ziwa upya, kwa kumbukumbu,
visiwa vikikosewa mahali.

Jumapili ya nne mzee akanipa bahasha, nimpe kijana.
Nilichungulia. Katibu naye ni binadamu.
Hakuna ukurasa uliochanwa.
Lile neno limekatwa kwa rula, mstari mmoja,
kama mwalimu asahihishavyo imla,
na pembeni, kwa mwandiko wa mwalimu mstaafu,
penseli imekandamizwa hadi karatasi ikaumia:

Nyumba ya bibi iwe na mlango wa nyuma.
Na mbwa.